Kiwanda na Majirani Zake

Abiria atokaye Kimara kwenda Kariakoo kwa basi la mwendokasi, akiisha kuiacha Ubungo na kabla hajaifikia Manzese, hupita kituo kiitwacho Urafiki, na wengi hushuka hapo kila siku pasipo kujiuliza urafiki huo ulikuwa wa nani na nani. Na yule aendaye Kawe kwa daladala humsikia kondakta akiwaita wa Tanganyika Packers washuke, naye hushuka penye uwanja ambapo siku hizi watu hukusanyika kwa mahubiri, ilhali nyama ya kopo iliyokuwa ikipakiwa hapo haijawekwa mezani kwa mtu tangu yeye hajazaliwa. Majina haya ya vituo ni mfano wa mashahidi ya kaburi, yale mawe mawili ya kichwani na miguuni, ambayo huonyesha urefu wa maiti na wala hayasemi alikufa kwa maradhi gani.

Mambo ya viwanda huandikwa sana, na aghalabu huandikwa kwa tarakimu: tani ngapi, ajira ngapi, asilimia ngapi ya pato la taifa. Tarakimu hizo zina haki yake, walakini zina upofu wake pia, maana zaweza kutuambia kwamba mji una viwanda vingi au vichache, zisiweze kutuambia kama mwenye kukaa mjini amewahi kuona kitu kikifanywa. Hoja yangu ni kwamba katika miji yetu, tangu zama za Kilwa hadi zama hizi za mwendokasi, kutengeneza vitu hakukukoma hata siku moja. Kilichokuwa kikibadilika ni ujirani, yaani umbali ulioko baina ya mkono utendao na jicho litazamalo, na tarehe ya viwanda vya mji ni tarehe ya umbali huo ukiongezwa na kupunguzwa, mara kwa hekima, mara kwa dhuluma, na mara kwa bahati tu.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi. Tuna maneno mawili ya pahala pa kutengenezea vitu, na kila moja lina picha yake. Karakana asili yake ni Kiajemi, karkhana, nyumba ya kazi: lina kuta, paa na mlango wa kufungwa. Kiwanda ni neno letu wenyewe, ndugu wa uwanda na kiwanja, na wazee walipolitaja walikusudia ua au pahala palipo wazi, ambapo mhunzi huweka fuawe yake, mfinyanzi vyungu vyake, na fundi wa vyombo mkuku wa jahazi lake, kila apitaye akitazama na akitoa shauri ambalo hakuombwa. Leo maneno hayo yamebadilishana nguo. Kiwanda ndicho chenye ukuta mrefu na mlinzi langoni mwenye daftari la kuandika wageni, na karakana ndiyo kibanda cha seremala kando ya barabara, ambacho mara nyingi hakina ukuta hata mmoja.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu alizisifu nguo zilizofumwa mjini humo na kuitwa kwa jina la mji wenyewe, akasema kwamba hazina mfano na kwamba zapelekwa hata Misri. Safari hiyohiyo alifika Kilwa, mji uliopiga sarafu zake wenyewe za shaba. Na wachimbaji wa magofu walioongozwa na Neville Chittick, walipoichimbua ardhi ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1950 na 1960, waliokota vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo zamani vilitiwa kwenye kijiti cha kusokotea uzi ili kizunguke sawasawa. Mimi nakiona kigae hicho kuwa shahidi mwema kuliko nguo, kwa sababu nguo huoza na kigae hudumu. Nacho chasema kwamba chungu kilichovunjika jikoni hakikuishia jalalani, kilichongwa kikawa chombo cha kazi, na kwamba pamba ilisokotwa katika nyumba zilezile ambamo watu walilala na kupika. Hapakuwa na mtaa wa viwanda. Kiwanda kilikuwa upenuni, uani, barazani na pwani.

Hali hiyo ilidumu kwa namna mbalimbali. Pate ilisifiwa na Wareno kwa vitambaa vyake vya hariri. Siyu ilijulikana kwa wahunzi wake, kwa mafundi wake wa ngozi, na kwa makatibu wake wa kunakili misahafu, kazi ambayo nayo ni ya kutengeneza kitu kwa mkono ijapokuwa sisi huipa staha ya peke yake. Na Lamu ina mafundi wa majahazi na wachongaji wa milango hata leo. Chombo kilijengwa mchangani mbele ya macho ya mji mzima, na mtoto aliyekuwa akicheza hapo alijua, kabla hajajua kusoma, kutofautisha mkuku na taruma, na harufu ya sifa, mafuta yale ya samaki yapakwayo mbao, pamoja na deheni ya chokaa na shahamu ipakwayo upande wa chini, ilikuwa ni harufu ya mji kama ilivyo harufu ya udi. Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na vinu vya kushindikia mafuta ya ufuta ndani ya mji wa mawe, baina ya nyumba za watu, na mwenye kuvizungusha alikuwa ngamia: amefungwa kitambaa machoni asipate kizunguzungu, ameshikizwa kwenye mti wa kinu, azunguka duara moja tangu asubuhi, mchi ukisaga, mafuta yakichuruzika, na mashudu yakibaki kuwa chakula cha wanyama. Mnunuzi alikuja na chupa yake. Aliyaona mafuta yakitoka, na kama yalikuwa machafu alijua ni kwa nini.

Asidhani mtu kwamba naisifu pepo iliyopotea. Mikono mingi iliyofanya kazi katika nyua hizo ilikuwa mikono ya watumwa, na ujirani wao na bwana zao ulikuwa ujirani wa mnyororo. Tanuu za chokaa zilitoa moshi uliowasumbua wagonjwa wa kifua. Na mhunzi, ambaye mji haukuweza kuishi pasipo yeye, mara nyingi aliogopwa kama mchawi akatengwa. Kukaa karibu si kukaa kwa usawa. Nasema tu kwamba kitu na mwenye kukifanya walijulikana pamoja, na aliyetaka kusifu au kulaumu alijua mlango wa kubishia hodi.

Umbali wa kwanza uliletwa na meli. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa mji wa Salem, huko Marekani, walileta Unguja kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mashine katika viwanda vya majimbo yao, imara na rahisi, na watu wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka, kama vile wakati mmoja nguo ilivyoitwa kwa jina la Mogadishu. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliikata njia hiyo, nguo za Uingereza na za Bombay zikaijaza nafasi, na mfumaji wa pwani, ambaye hakupigwa vita na mtu wala kukatazwa na sheria yoyote, alikuta tu kwamba hakuna tena abishaye hodi. Ajabu kubwa zaidi ni kanga. Maneno yake yalitungwa Unguja na Mombasa, kwa mafumbo ya mke kwa mke mwenziwe na ya jirani kwa jirani, kisha yakapelekwa Uingereza, Uholanzi, Uhindi na Ujapani yakapigwe chapa na watu wasiojua hata neno moja la maana yake. Na kwa muda mrefu vazi lililosema mengi kuliko yote katika miji yetu lilifanywa na watu ambao halikuwaambia kitu.

Umbali wa pili ulichorwa juu ya karatasi. Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Sayyid Majid katika miaka ya 1860, ilikuwa mji mchanga usio na mazoea ya kale ya kushindana na mchoraji. Wajerumani walianza kuigawa mitaa kwa aina ya majengo, jambo ambalo kwa hakika lilikuwa ni kuigawa kwa rangi za watu. Waingereza wakafuatisha, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka baina ya mtaa wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika. Ramani ya mwaka 1949 ikatia mgawanyo wa kazi juu ya mgawanyo wa watu: huku maskani, huku maduka, huku bandari, na kule, kando ya njia iendayo Pugu, karibu na reli, viwanda. Ndivyo ilivyojengeka dhana ambayo sasa twaiona kuwa ya maumbile kama mvua, kwamba kiwanda kina mtaa wake, na kwamba mtaa huo ni wa kwenda na kurudi wala si wa kuishi. Viwanda vyenyewe vilikuwa haba, vya bia, vya unga, vya makopo, vya viatu, kwani siasa ya dola ilitaka katani na pamba zitoke zikiwa ghafi na nguo irudi ikiwa imekamilika. Na hata kile kidogo kilichoruhusiwa katika Afrika ya Mashariki, sehemu kubwa kilikwenda Nairobi.

Huko Katanga, nchini Kongo, mambo yalikwenda kinyume, na sisi wa pwani inatupasa kuyatazama. Kule mji haukukisukuma kiwanda pembeni, kwa sababu kiwanda ndicho kilichouzaa mji. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na bomba refu la moshi la tanuri hiyo, pamoja na kilima cheusi cha makapi yake, ndivyo vilivyo alama ya mji hadi leo, kama mnara wa msikiti ulivyo alama ya mji mwingine. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, kila mmoja na lugha yake, wakawekwa katika kambi za kampuni. Na Kiswahili, ambacho kilikwisha kufika na misafara ya karne ya 19, kikawa lugha ya kambi, kisha ya soko, kisha ya mama na mtoto. Tumezoea kusema kwamba lugha yetu ilisafiri na pembe na karafuu. Hatujazoea kukiri kwamba sehemu yake kubwa ilisafiri na shaba, na kwamba watu waliofungiwa pamoja kwa ajili ya ujira wa bwana mmoja walizalisha kitu ambacho bwana hakukiagiza.

Baada ya uhuru ikaja nia nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, yakiwamo mabenki, vinu vya unga, na hisa katika makampuni ya bia, viatu, sigara na saruji. Na mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa mkopo wa China usio na riba, kilifunguliwa kando ya Barabara ya Morogoro, katika mji uliokuwa na watu 270,000 hivi, nao leo umepita milioni 5. Pamba iliingia upande mmoja ikiwa marobota, ikatoka upande wa pili ikiwa kanga na vitenge, yaani kusokota, kufuma na kupiga chapa vilikuwa chini ya paa moja. Na safari hii jina la kanga lilipopigwa chapa, aliyesimama penye mashine alilisoma, akacheka au akakunja uso, kwani pengine lilimhusu.

Walakini lililoifanya Urafiki kuwa ya mji si mashine zake. Kiwanda kilikuwa na magorofa ya wafanyakazi, na waliokosa nafasi humo walipanga vyumba Manzese, mtaa uliojengwa pasipo ramani na ambao wenye ramani waliusikitikia kwa miaka mingi, ilhali ndio uliobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kuwalaza watu wa zamu. Zamu ziliugawa mchana na usiku wa mtaa mzima: saa ya kutoka zamu ya usiku ndiyo saa ya maandazi kuwa moto, na mwenye kuuza chai langoni alijua tarehe ya mshahara kuliko mhasibu. Na kiwanda kilikuwa na bendi. Urafiki Jazz, ambayo vyombo vyake vilinunuliwa na kiwanda na ambayo mwimbaji wake maarufu alikuwa Juma Mrisho, aliyejulikana kwa jina la Ngulimba wa Ngulimba, ilipiga muziki katika kumbi za dansi za mji kwa jina la mahala pa kufumia nguo, na mtu aliyekuwa hajawahi kuliona gurudumu la kusokotea uzi aliucheza muziki wa wasokotaji akiwa amevaa kitambaa chao. Wachumi huliita jambo la namna hiyo gharama isiyo ya lazima. Yawezekana, lakini sijaona hesabu ya gharama iliyoweka upande wa pili wa daftari faida ya kiwanda kuwa na jina zuri midomoni mwa watu wasiokifanyia kazi.

Ujirani huo ulikuwa na ugomvi wake, kama ujirani wote. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowakataza viongozi kuwa na kiburi na udhalimu, wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko walivyotarajiwa, ikafuata migomo katika viwanda vya Dar es Salaam, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikishika kiwanda chenyewe wakamweka mwenyewe nje ya lango. Lango, basi, lilikuwa pahala pa hoja. Mji ulijua kinachotendeka ndani, kwa sababu waliokuwa ndani jioni walikuwa wapangaji, waimbaji, wanunuzi wa dagaa na mashabiki wa mpira.

Kuanguka kwa viwanda hivyo hakuna siri kubwa, nami sitakaa hapo. Bei ya mafuta ilipanda mara mbili katika miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya fedha za kigeni, vipuri havikupatikana, umeme ukawa wa kukatika, wakubwa wa mashirika wakawa wengi na mafundi wachache. Kisha katika miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia, na vazi lililokwisha kuvaliwa Ulaya likauzwa kwa bei ambayo hapana mfumaji awezaye kuifikia, kwa kuwa mwenye kulitoa wa kwanza alilitoa bure. Ni merikani kwa mara ya pili. Lakini kiko kiwanda kimoja ambacho anguko lake lina somo la peke yake, nacho ni kile cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa kusudi la kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Hakikufika hata sehemu ya kumi ya kusudio hilo. Kilijengewa kuta za alumini zisizopitisha hewa katika joto la Morogoro, kwa ngozi isiyofaa, kwa ajili ya miguu ya watu wa mbali ambao hakuna aliyewauliza wanavaa viatu gani. Na kama kiko kiwanda kilichosimama mjini pasipo kuwa na jirani hata mmoja, si mnunuzi, si mtoa ngozi, ni hicho.

Sharti niseme pia lile lisilopendeza upande wangu wa hoja. Waliotaka viwanda viwekwe mbali na maskani hawakuwa wote wabaguzi, na pua ya binadamu si mkoloni. Mto Msimbazi, ambao hukata mji wa Dar es Salaam kabla ya kuingia baharini, umepokea kwa miaka mingi maji ya rangi na ya dawa kutoka viwandani, na wako watu bondeni waliomwagilia mchicha kwa maji hayo kisha wakauuza sokoni, nasi tukaula. Mwenye kutaka ujirani na kiwanda amwombe kwanza jirani asitupe takataka zake uani kwa watu. Ila yafaa kutambua kwamba utengano wa ramani haukuuzuia mto: viwanda viliwekwa kando ili mji usipate madhara, na madhara yakaja mjini kwa njia ya maji, polepole, pasipo mtu kujua atamshitaki nani. Laiti maji hayo ya rangi yangalipita mbele ya nyumba za wakubwa, mfereji ungalitengenezwa mwaka uleule.

Na sasa? Viwanda vikubwa vipya vinajengwa Kibaha na Mkuranga, nje ya Dar es Salaam, pahala penye ardhi ya kutosha na barabara ya malori. Wafanyakazi huletwa na kurudishwa kwa mabasi, na mwenye kupita huona ukuta, geti, na jina kwa herufi kubwa. Sina ugomvi navyo. Vyafaa kuwapo, na mji wa watu milioni 5 hauwezi kusaga saruji barazani. Ila ndani ya mji, katika nafasi zilizoachwa na ramani, kiwanda cha zamani kimerudi kimyakimya kwa maana yake ya zamani, yaani pahala palipo wazi. Katika mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mafundi hukunja mabati ya madebe na masufuria, hukata vyuma vya mageti, na hufufua injini zilizokwisha kuandikiwa kifo. Nairobi, mafundi wa Kamukunji hufua masanduku ya bati na majiko mchana kutwa, na jina walilopewa, jua kali, limetokana na kukosa paa. Shirika la Kazi Duniani lilipoandika taarifa yake juu ya Kenya mwaka 1972, liliieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, likidhani limegundua jambo jipya. Mhunzi wa Siyu angeshangaa kuambiwa kwamba yeye si rasmi.

Hapa namkumbuka waziri mmoja wa viwanda wa Tanzania, aliyesema, wakati wa wito wa kuijenga Tanzania ya viwanda, kwamba hata vyerehani vinne ni kiwanda. Watu walicheka mwezi mzima. Mimi nami nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu kwa lugha ya wazee alikuwa hakukosea: vyerehani vinne barazani, mshonaji akiwakabili wapitao, mteja amesimama akipimwa kifua mbele ya watu, hicho ndicho kiwanda khasa. Kosa lilikuwa katika kuhesabu tu, kana kwamba kukitaja kibanda hicho katika jumla ya viwanda kwatosha, ilhali mwenye kibanda asubuhi hajui kama jioni mgambo wa mji watamkuta na vyerehani vyake au watavikuta peke yake. Mji unaomhesabu fundi katika taarifa na kumfukuza katika njia una midomo miwili, na serikali nyingi za miji yetu, za rangi zote na vyama vyote, zimeitumia yote miwili kwa siku moja.

Nilipotaka kabati la nguo, nilikwenda Keko, kwa mafundi wa samani waliojipanga kando ya njia, kila mmoja na vitanda vyake vimesimamishwa wima mfano wa askari. Nilichagua fundi mmoja kwa sababu isiyo na elimu yoyote, kwamba vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kichwani kuliko wenzake, nami nikahesabu hilo kuwa dalili ya kazi. Tulikubaliana mninga, nikatoa nusu ya fedha, na kwa kuwa nilikuwa na wageni karibuni nilimhimiza kila baada ya siku mbili. Kabati likaja, zuri, lenye mng'ao wa vanishi. Na kabla mwezi haujaisha mlango wake mmoja ukapinda, ukawa haufungi ila kwa kusukumwa na goti.

Nilirudi nikiwa nimejiandaa kwa maneno. "Fundi," nikamwambia, "kabati lako limenitia aibu mbele ya wakwe."

Hakujitetea kama nilivyotarajia. Aliniomba nikae juu ya gogo, akaniletea kipande cha ubao kutoka kwenye fungu lake, akakigonga kwa kifundo cha kidole kisha akagonga kingine. "Sikiliza, mzee wangu. Huu wa kwanza mkavu, unalia. Huu wa pili una maji, umenyamaza. Wako ulikuwa wa kunyamaza, nami nilikwambia tungoje wiki tatu ukasema wageni wako njiani." Nikasikiliza. Ni kweli mmoja ulilia na mwingine ukanyamaza, na katika umri wangu wote wa kukaa juu ya viti na kulala juu ya vitanda nilikuwa sijapata kuambiwa kwamba ubao una sauti.

Wiki ileile feni niliyoinunua dukani, ndani ya boksi lake lenye picha, iliacha kuzunguka, na mwenye duka alinitazama kwa huruma ya kweli akasema kwamba hizo zinakuja hivyohivyo. Zinakuja kutoka wapi, kwa nani, hakujua, wala mimi sikuwa na mtu wa kugombana naye. Kabati alilichukua fundi kwa mkokoteni, akaupiga randa mlango ule ukingoni akiwa njiani penye watu, maranda yakiangukia ndala za wapitao, na mzee mmoja asiyetufahamu akasimama kumwonya kwamba asiule sana ubao, kwani kiangazi utanywea. Fundi akamsikiliza, akapunguza. Mlango unafunga hadi leo, isipokuwa miezi ya masika.